Kila mhusika na hofu yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: mwandishi afanyeje ili hofu izue mgogoro katika hadithi, isiishie kumtisha msomaji tu? Nawajibu kutoka Kisumu, nikiwa na hadithi mezani iliyonisumbua tangu mwaka jana.

Ni hadithi ya mvuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, pale ufuo wa Dunga. Rasimu ya kwanza niliijaza vitisho: kiboko akiibuka ubavuni mwa boti, dhoruba, gugumaji likiziba njia ya kurudi ufuoni. Wenzangu wawili waliisoma, wakakiri inatisha, kisha wakaniuliza, "Sasa nani anagombana na nani?" Nilikosa jibu. Kiboko hana kisasi na mtu. Ukishamkwepa, kisa kimekwisha.

Nikaanza upya, safari hii nikimuuliza kila mhusika anaogopa kupoteza nini. Mvuvi aliwahi kunusurika boti ilipopinduka, na tangu siku ile akisikia maji yakigonga mbao anakufa ganzi miguu. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila kushtuka tu si mgogoro. Mgogoro ulianza alipoona haya kusema. Alimwambia mwenye boti kwamba anaugua malaria. Kisha alimuaga mkewe jioni kama kawaida, akaenda kulala kibandani kwa fundi wa nyavu.

Mwenye boti naye ana mkopo wa injini, na siku ya kulipa inakaribia, kwa hiyo anatafuta mtu wa kushika nafasi ya mvuvi. Mke anapima omena kwa gorogoro, kopo la kupimia, sokoni Kibuye, na anachohofia ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mume anatoka kila usiku, pesa haionekani. Atawaza nini kama si mwanamke mwingine? Katika hao watatu sikuhitaji kumwandika hata mmoja mwovu. Kila mmoja anafanya jambo la kujikinga, na jambo hilo hilo ndilo linalomwamshia mwenzake hofu.

Sisemi majini yaondoke kwenye hadithi zetu. Jini huniogofya kweli pale mtu alipopatana nalo kwa siri na sasa linadai chake, kwa sababu hapo pana ahadi, pana deni, na pana mtu wa nyumbani asiyejua.

Jambo lililonisaidia kuliko yote nililipata kwa wavuvi wenyewe. Omena huvuliwa usiku kwa taa, samaki wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, boti hupumzika. Basi nikaipanga hadithi yote ndani ya mapumziko hayo. Kwa siku chache mvuvi wangu hahitaji kudanganya: anakula na watoto, anacheka, analala kwake. Sikuandika popote kwamba anatetemeka. Niliandika tu kwamba kila jioni anatoka uani kutazama mwezi umechomoza saa ngapi, na mkewe, akidhani anahesabu siku za kurudi kwa yule mwanamke, anamtazama kupitia dirisha la jikoni.

Sasa mwezi umeanza kuchelewa kutoka, na giza la kuvulia linarudi. Mwenye boti ametuma kijana aje kumuuliza kama amepona, na aliyemfungulia mlango ni mke.