Kabati la vioo kwa nyumba ya pwani: anza kutazama miguu na mgongo

Ndugu uliyeuliza kama ununue kabati la vioo lililo tayari dukani au umpe kazi fundi seremala, kwa kuwa unaishi Mtwara mjini na unataka kupanga vyombo vya mama yako pamoja na vinyago viwili vya mpingo: mimi nimepitia njia zote mbili, na jibu langu ni fundi, mradi umsimamie.

Kabati langu la kwanza lilikuwa la maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye sura ya mninga. Nililinunua baada ya mauzo ya korosho, likapendeza kweli sebuleni, nami nikaliweka moja kwa moja juu ya sakafu tunayoipiga deki kila asubuhi. Kabla masika hayajaisha, sehemu ya chini ilikuwa imefura. Niliinama nikaubonyeza mguu kwa kidole gumba, ukamomonyoka kama andazi lililolowa chai, na milango ikawa inakwaruzana kwa sababu kabati zima lilikwisha kuinamia upande mmoja. Maranda yakishafura kwa maji hayarudii unene wake hata yakikauka, na skrubu ikishalegea humo ni vigumu sana kuikaza tena.

La pili lilichongwa kwa mninga, mbao ambayo husinyaa kidogo sana ikilinganishwa na nyingine, ndiyo maana milango yake hukaa sawa kiangazi na masika, ilimradi mbao iwe imekauka kabla ya kuchongwa. Usiridhike na uso wa mbele. Zunguka nyuma, kwa maana huko ndiko mafundi wengine huficha mbao laini au plaiwudi nyembamba, kisha utafute vitundu vidogo vyenye unga mkavu, ambavyo ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Agiza miguu yenye urefu wa sentimita 10 hivi, na ukiliweka uache nafasi ya vidole vitatu kutoka ukutani ili hewa ipite.

Kuhusu vioo, fahamu kwamba kioo chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo rafu ya milimita 6, yenye urefu wa sentimita 90 na upana wa 35, inakaribia kilo 5 kabla hujaweka hata sahani moja. Rafu hiyo haitoshi kushikiliwa na vishikizo viwili vya plastiki. Mpingo ni mzito hata huzama majini, basi vinyago vyako vikae chini, juu ya rafu ya mbao. Taa ndani iwe ya LED, kwa maana joto la balbu za zamani hukausha mpingo upande mmoja na kuupasua. Nina kinyago cha marehemu babu chenye ufa kuanzia begani hadi kiunoni kwa kosa hilo, na bado linaniuma.

Kama kuna watoto nyumbani, lifunge ukutani kwa skrubu. Fundi mpe nusu ya malipo, na iliyobaki mlipe kabati likiwa limesimama kwenye sakafu yako mwenyewe, baada ya kufungua na kufunga kila mlango.