Muulize Shangazi: Mjane wa nyumba ya marumaru

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, katibu wa kamati ya diakonia (huduma kwa wenye shida) katika usharika wetu wa Kilutheri huku milimani Upare, wilaya ya Same. Mwaka huu baraza la wazee lilitenga fedha za kusaidia kaya 40 zenye shida: unga, maharage, sare za shule na kadi za bima ya afya. Kwa kuwa nimesomea maendeleo ya jamii, niliandaa fomu ya alama. Tuliangalia paa, kuta, sakafu, mifugo iliyopo nyumbani, idadi ya wanaokula na kama kuna mtoto mwenye ajira. Vijana walipita kaya 61 kwa wiki mbili, nikajumlisha kwenye kompyuta, orodha ikatoka.

Nilipoisoma kikaoni, ugomvi ukaanza. Akina mama wa umoja wa wanawake wanataka aingizwe mjane mmoja mwenye nyumba ya bati la rangi na marumaru sebuleni. Kwa alama zangu yeye ni wa 61, wa mwisho kabisa. Wanataka pia atolewe mzee aliyeshika nafasi ya tatu, ambaye nyumba yake ni ya udongo na hana hata kuku. Na vibarua wa tangawizi waliopanga vyumba kule chini, ambao fomu imewapa alama nyingi, akina mama wanasema, "Hao hatuwafahamu." Nikiomba ushahidi wananijibu, "Sisi tunajua." Kama hayo hayatoshi, mzee mmoja wa kikundi cha maombi alisimama akasema Bwana amemwonyesha ndotoni kaya saba za kusaidiwa.

Mchungaji ameamua tufuate fomu kwa sababu inaonekana na inahesabika. Akina mama wamenyamaza, ila wametuma neno kwamba Sikukuu ya Mavuno hawataingia jikoni. Shangazi, mimi sikumpendelea mtu. Nani asikilizwe, fomu au akina mama?

Katibu, Same

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kwa sababu ya jikoni. Akina mama wa kanisa wakisema hawaingii jikoni, hicho tayari ni kikao, tena kina ajenda na akidi imetimia. Usikidharau.

Kwamba hukumpendelea mtu, nakuamini. Kijana mwenye nia mbaya hapiti kaya 61 kwa miguu kwenye ile miteremko. Ila kuna swali moja umewauliza watu wa upande mmoja tu. Akina mama umewauliza, "Mmejuaje?" Fomu hujaiuliza. Umeipa kiti cha mbele kwa kuwa imevaa tarakimu.

Hebu tuiulize basi. Fomu yako imejuaje kwamba yule mjane ni wa mwisho? Imeona paa na marumaru. Haya, nani aliezeka hilo paa? Mimi nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka 30, na nyumba za namna hiyo nimeingia nyingi. Mtoto yuko mjini, mambo yanamnyookea, anamjengea mama yake, watu wanakuja kuangalia. Halafu kazi inakatika, au anaugua, au anaoa na simu zinapungua. Nyumba inabaki na marumaru yake, na mama anabaki ndani akiyapiga deki kwa njaa. Marumaru hayapikwi, mwanangu.

Akina mama nao wamejuaje? Mimi siishi kwenu, lakini nakaa kwenye mabenchi kama hayo hayo ya upande wa wanawake, kwa hiyo naweza kukisia. Baada ya ibada mnakuwa na mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, sivyo? Yule mama zamani alikuwa akileta mkungu wa ndizi au mayai, na yeye mwenyewe akinunua sukari guru ya mwenzake kwa bei ya kuchangamsha watu. Siku hizi wimbo wa mwisho ukianza tu, anakunja kanga na kutoka. Wanaume hawajaliona hilo kwa sababu wako mbele wanashindania jogoo. Wenzake wameliona mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Msibani zamani alikuja na unga, sasa anakuja mapema mno na kuosha vyombo mpaka usiku, maana mwenye kuosha vyombo haulizwi ameleta nini. Na kama kwenu bado mnatumia ndiva (kwa wasomaji wa mbali, hilo ni bwawa la kienyeji la Wapare, hujazwa usiku na kufunguliwa mchana, maji yakaenda mashambani kwa zamu), basi wanajua pia kama zamu yake imepita mara mbili bila mtu kugeuza maji. Anayeacha maji yapite ama anaumwa, ama shamba amelikodisha na fedha imeshaliwa.

Huo ni uchunguzi wa miezi kumi na minane, katibu, bila posho. Vijana wako walikaa kila nyumba dakika ngapi?

Tena ukitaka kuthibitisha, huna haja ya kumdhalilisha mtu. Mhasibu wa usharika ana kitabu cha ahadi za sadaka, na kila bahasha ina namba. Mwombe mchungaji, yeye peke yake, aangalie kama bahasha ya yule mjane imekuwa ikirudi tangu mwaka jana. Utashangaa jinsi kitabu cha mhasibu na macho ya akina mama yanavyosema kitu kimoja kwa lugha mbili.

Nikuulize na la lugha, maana hukuliandika. Kikao mlikiendesha kwa Kiswahili gani? Kama ulisimama ukasema "vigezo vya kubainisha kaya lengwa", basi bibi wa miaka 70 aliyekaa nyuma alisikia mlango ukifungwa. Waulize kwa Kipare. Na usiwaulize mbele ya baraza zima. Hapa ndipo ulipokosea zaidi, ingawa hukujua. Mengi wanayoyajua wameyapata kwa kuaminiwa. Yule mjane huenda alimwambia mmoja wao kisimani, kwa soni, na kumwapisha asiseme. Wewe ukasimama mbele ya wanaume kumi na wanne ukadai ushahidi. Ulitaka aseme nini? "Sisi tunajua" ndilo jibu pekee lililomwacha mwenzao na heshima yake.

Sasa usinifurahie haraka, wala akina mama wasikate gazeti hili wakalibandika jikoni. Kwa wale vibarua wa tangawizi, mimi niko upande wa fomu yako.

Mwaka 1984, mvua ilipokatika na watu wakala unga wa njano wa msaada, nilikuwa muuguzi kijana kwenye zahanati moja huko bondeni. Kamati ya kanisa ilituita sisi wanawake tutaje kaya za kusaidiwa. Tulizitaja, na tuliona tumemaliza. Tulijua nani ana mgonjwa, nani kauza mbuzi, nani anachemsha maji ili watoto wasikie sufuria. Wiki iliyofuata akaja kliniki mama mmoja aliyeishi pembezoni. Mumewe alikuwa mchoma mkaa aliyetoka mbali, wala hawakuwa wa ukoo wowote pale. Nilimning'iniza mtoto kwenye mizani, nikachora kwenye kadi. Mstari ulikuwa umeteremka kutoka kijani, ukapita kijivu, ukaingia kwenye nyekundu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelitaja jina lake, hata mimi niliyekuwa nimempima mtoto yuleyule miezi mitatu kabla. Hatukumchukia. Hakuwa akikaa nasi msibani, basi. Tulijua watu tunaokaa nao, na yeye hatukukaa naye. Mizani haina ukoo, ndiyo maana ilimwona.

Kwa hiyo akina mama wakikuambia "hao hatuwafahamu", usiandike hilo kama hoja ya kuwatoa. Liandike kama habari muhimu kuliko zote ulizopata siku ile. Wametaja wenyewe mahali macho yao yanapoishia.

Yule mzee wa nafasi ya tatu sina hakika naye. Fomu yako inauliza mifugo "iliyopo nyumbani", na wewe ni mtoto wa huko, unajua mtu anaweza kuwa na ng'ombe watatu wanaofugwa kwa watu vijiji vingine na kwake pasiwe na hata kamba. Huenda akina mama wanajua ng'ombe hao walipo. Huenda pia ni ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka ishirini. Yote mawili nimeyaona yakisemwa kwa uso uleule mtakatifu. Mtu akikuambia "ana ng'ombe", muulize wako kwa nani. Anayejua atakutajia kijiji.

La ndoto nalipita upesi, maana nakuona unavyongoja niicheke. Siicheki. Katika Maandiko Yusufu wa Nazareti alimwokoa mtoto kwa ndoto. Lakini ndoto nayo iulizwe kama wengine: imejuaje, inamtaka nani afanye nini, na je, katika zile kaya saba kuna ya shemeji yake? Mwaka 2011, nchi nzima ilipokuwa ikienda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa dawa, kikombe shilingi 500, wagonjwa wangu walinijia wakiuliza, "Sista, niende?" Niliwaambia, ukitaka nenda, lakini vidonge vyako usiviache hata siku moja. Sikuwabishia imani yao, ila sikuwaachia vidonge viamuliwe na ndoto. Nawe zile kaya saba zitembelee. Kama kuna hata moja ambayo si fomu wala akina mama walioiona, mshukuru mzee wa watu na umpe mkono.

Mchungaji wako simlaumu. Fomu inamkinga. Bila fomu, kesho wangesema ameupendelea ukoo wa mkewe, na wachungaji wamehamishwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mpelekee kwa heshima sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, ambayo anaijua kuliko sisi, ila pengine hajaisoma akiwa na orodha yako mkononi. Shida ya waumini wale wa kwanza ilikuwa hiyo hiyo yenu, chakula na wajane. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wanaosema Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakudai ushahidi wa manung'uniko. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba. Hebu soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani! Kazi ya kugawa walikabidhiwa watu wenye majina ya upande uliokuwa ukinung'unika. Na sifa waliyotakiwa kuwa nayo ya kwanza ni "kushuhudiwa kuwa wema", yaani kuna watu waliokaa nao wakawajua.

Hata serikali imelijua hili. TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wanapotafuta kaya maskini, majina huanzia kwa wanakijiji wenyewe, kisha dodoso na kompyuta vikafuata. Wewe ulianza na kompyuta, ndiyo maana wanakijiji walipofika walikuta chakula kimeshapakuliwa.

Ningekuwa mimi, orodha nisingeichana. Ningerudi kwa mchungaji kuomba wiki tatu. Ningewaita akina mama wanne, wawili wazee na wawili vijana, pamoja na mama mmoja wa wale vibarua, hata kama ni Msabato au hasali kabisa, wakae na parishi waka (mhudumu wa usharika) wenu wakiwa peke yao, wewe usiwepo. Waseme majina kabla hawajaonyeshwa karatasi. Kisha ndipo orodha mbili ziwekwe pamoja. Zinapokubaliana, hakuna kazi. Zinapopishana, nyumba hiyo itembelewe na watu wawili, mmoja wa fomu na mmoja wa jumuiya, tena msiwapeleke ndugu. Kwenye muhtasari andika namba tu, majina yabaki kwa mchungaji. Na fomu yako iongezee swali la mifugo iliyo kwa watu, na lingine la nani analeta fedha na mara ya mwisho alileta lini. Hilo la pili ulipaswa kulijua bila mimi, nawe umesoma.

Kabla ya yote hayo nenda jikoni. Usiende na barua. Nenda Jumamosi wanapochambua maharage, ukae kwenye ndoo iliyogeuzwa, uchambue. Useme umekuja kuuliza na hukuwa umejua kuuliza. Watakucheka kidogo, vumilia.

Kwa yule mjane usiende peke yako na usibebe fomu. Mwende na mama mmoja anayemzoea, jioni, kama mliopita njia. Akiwakaribisha chai, inywe. Kama haina sukari, usiulize.

Shangazi