Anti, nipitie kituo cha yatima Kambodia kabla sijarudi nyumbani Krismasi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 22 niko Malaysia nasoma mambo ya kompyuta mwaka wa pili, nyumbani ni Singida. Sasa anti chuo tunafunga mwisho wa mwezi wa 11 na tiketi yangu ya kurudi bongo ni tarehe 20 Desemba, hapo katikati nina karibu wiki tatu za kukaa tu. Kuna marafiki zangu wawili wanaenda Kambodia, mji unaitwa Siem Reap, kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima wiki mbili na wamenishawishi tuende wote. Asubuhi unafundisha Kiingereza, mchana unacheza na watoto, jioni unasaidia kuogesha wale wadogo. Wanataka dola 450, hapo ni kulala, kula na mchango wa kituo, cheti wala barua hawajaniuliza, wamesema moyo tu unatosha. Anti mi mwenyewe nimelelewa na bibi baada ya mama kufariki kwa hiyo hili jambo linanigusa, na video walizonitumia zimeniliza kweli, mgeni anashuka tu kwenye bajaji watoto wanamrukia wanamkumbatia kama wanamjua miaka yote. Ila kaka yangu kanijia juu, eti unaenda kubeba watoto wa watu huko wakati bibi hujamwona miaka miwili. Tumekosana mpaka sasa hatuongei. Nani yuko sahihi hapo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Kaka yako yuko sahihi, ila sababu aliyokupa siyo yenyewe, ngoja nikupe ya kwangu.

Hilo neno yatima ndo la kuanzia. Kambodia ilipitia balaa kubwa enzi za utawala wa kikatili wa Khmer Rouge, 1975 mpaka 1979, watu waliisha kwa njaa na kuuawa na kweli nchi ilijaa yatima. Lakini piga hesabu, yatima wa wakati ule leo ni wazee wenye wajukuu. Amani ilivyorudi na watalii wakaanza kumiminika ulitegemea vituo vipungue, vikaongezeka: mwaka 2005 vilikuwa 154, 2010 vikafika 269. Baadaye serikali yao na UNICEF wakazunguka kuhesabu wakakuta watoto zaidi ya 16,000 kwenye vituo 406, na karibu 80 katika kila 100 wana mzazi aliye hai. Mzazi yupo! Yuko kijijini analima mpunga.

Sasa walifikaje pale. Anakuja mtu kijijini, amevaa vizuri anaongea vizuri, anamwambia mama mwenye watoto watano na deni kwamba huyu wa katikati nipe mimi, atasoma Kiingereza, atakula mara tatu, na we utakuwa unamtembelea. Mama gani masikini atakataa? Hata kwetu tunawatoa watoto kwa shangazi wa mjini kwa maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba huko mtoto akishafika ndo anakuwa mtaji, maana kila mgeni analipa dola 450 kama zako, na mtoto akirudi kwao kitanda kinabaki wazi na mgeni hana wa kumwogesha. Jiulize kwa nini vituo vingi viko Siem Reap. Siem Reap ndo mlangoni pa Angkor Wat, lile hekalu la kale maarufu, watalii ndo wanalala pale. Kuna vituo watoto walikuwa wanachezeshwa ngoma jioni kwa ajili ya wageni, wengine wanatumwa usiku kugawa vikaratasi kwenye mitaa ya baa ili watu waje kuangalia. Mwaka 2011 shirika la Friends-International la hukohuko lilitoa tangazo lenye picha ya watoto wamewekwa kwenye kabati la kioo kama vitu vya makumbusho halafu wazungu wanapiga picha, ujumbe wenyewe ni kwamba watoto sio kivutio cha utalii. Australia wao wakaenda mbali zaidi, walipokuwa wanatunga sheria yao ya utumwa wa kisasa mwaka 2018 walikubali kwamba kumtoa mtoto kwao kumpeleka kituoni ili kuvuna pesa za wageni nayo ni biashara ya kusafirisha binadamu.

Sisemi kituo chako ndo hivyo, sijakiona. Ila nakuuliza, tuseme leo anatokea kijana wa kigeni wa miaka 22 pale Singida, hana cheti, hana barua ya polisi, hajui hata Kinyaturu wala Kiswahili, anasema moyo wangu unatosha naombeni niwaogeshe watoto wenu. Mwalimu mkuu angemwitia mgambo. Kituo ambacho hakikuulizi kitu wewe hakimuulizi mtu yeyote, na wewe una nia njema sawa, atakayekuja wiki ijayo je?

Halafu hiyo video iliyokuliza. Mwanangu mi nilikuwa nalia hivyo hivyo mpaka dada mmoja wa ustawi wa jamii akanifungua macho. Mtoto mwenye kwao akimwona mgeni anafanyaje? Anajificha nyuma ya khanga ya mama yake anachungulia kwa jicho moja, utampa pipi na bado haji. Anayemrukia mtu asiyemjua ni mtoto ambaye ameshaachwa mara nyingi na amejifunza kwamba mapenzi yanakuja na begi la mgongoni na yanaondoka nalo. Wataalamu wameliona hilo sana. Kule Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, wadogo kabisa chini ya miaka mitatu, nusu wakapelekwa kulelewa kwenye familia na wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikuwa vizuri zaidi kichwani na kimoyo, na aliyepelekwa kabla ya miaka miwili ndo alifaidika zaidi. Kwa hiyo we ukienda wiki mbili ukapendwa na katoto kamoja, na utapendwa, tarehe 19 unakaaga unapanda ndege, jumatatu anakuja mwingine. Umekaongezea kuachwa kumoja.

Najua wenzako watasema bora hao wanaoenda kuliko sisi tunaoongea. Haya, na wao bado vijana, wasalimie.

Na kinachoniuma zaidi ni wewe. Mama alipofariki bibi alikuchukua, sijui alikuwa na nini huyo bibi, labda kuku na shamba la alizeti na nyumba inavuja, lakini ulilala kitanda kimoja na mtu wako na uliitwa kwa jina la ukoo. Angetokea mtu mwenye gari akamwambia bibi huyu mjukuu nipe, nitamlea pazuri pana umeme? Hao watoto wa Siem Reap wana bibi zao pia. Rwanda walilielewa hilo, walipohesabu mwaka 2012 walikuwa na vituo 33 na watoto zaidi ya 3,300, wakaanza kazi ya kuwarudisha kwa ndugu na walezi, wageni wa wiki mbili hawakuhitajika. Kenya nao 2017 wakasimamisha kusajili vituo vipya.

We Kambodia nenda kama una hamu, kwani dhambi? Panda ndege uone Angkor Wat, amka saa kumi usiku kama watu wote uone jua linavyotoka nyuma ya minara. Jioni nunua tiketi ya sarakasi ya Phare pale pale Siem Reap, vijana wametoka kwenye shule ya sanaa ya Battambang iliyoanzishwa 1994 na vijana waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi, pale pesa yako inamlipa mtu kwa kazi yake na hakuna anayekukumbatia kwa lazima. Siku tatu nne zinatosha. Na kama unataka kweli kujitolea, we unasoma kompyuta, wapo watu wanaofanya kazi ya kurudisha watoto kwenye familia na orodha zao ziko kwenye madaftari, waandikie waulize kama wanahitaji mtu wa kuwatengenezea orodha hizo kwenye kompyuta, unafanya ukiwa chumbani kwako hapohapo Malaysia.

Tiketi ya tarehe 20 waulize kama inarudishwa nyuma, wakati mwingine ni dola chache. Na mpigie kaka yako we kwanza, usisubiri.

SWALI: Anti mambo. Mwezi wa 12 natimiza miaka 40, niko Moshi, nataka besdei niifanyie kituo cha yatima, keki kubwa, muziki, picha za kuposti. Kuna ubaya?

JIBU: Poa baba. Nimesoma hii mara baada ya ile ya juu nikacheka peke yangu. Na mimi nilishafanya hivyo, nilipiga picha na mtoto nimembeba, sikujua hata jina lake, picha niliifuta juzi juzi.

Fanya hivi. Nenda bila keki, muulize mlezi mkuu na afisa ustawi wa jamii: wangapi hapa wana ndugu wanaojulikana na kinachowazuia kwenda likizo ni nauli? Usishangae ukitajiwa wengi. We uko Moshi unajua Desemba Wachaga wote wanavyopanda nyumbani mpaka mabasi yanakosekana, sasa kuna mtoto anayaona hayo mabasi dirishani. Ustawi wakikubali wewe lipa nauli ya kwenda na kurudi ya mtoto na mlezi wa kumsindikiza, na kilo kadhaa za mchele ili shangazi asione ameletewa mzigo. Simu weka mfukoni.

Keki wagawie wabebe, ila iwe kavu, ile ya krimu itaharibika kabla hawajafika Same.