Barua kwa mwanangu: kabla hujamkatalia mkondo wa amali

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Huku hatujambo, ila magoti ya baba yako yanamsumbua asubuhi.

Umeniambia mjukuu wangu anamaliza darasa la saba, na anataka kuingia sekondari yenye mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi wa vitendo, akasomee umeme. Wewe na mkwe wangu mnaogopa. Umeniuliza hivi: "Mama, wewe umefundisha utunzaji wa hesabu miaka yote ile, niambie kweli, amali si njia ya walioshindwa?"

Hapana, baba. Lakini usimpeleke kwa kuwa tu amali inasifiwa siku hizi. Nenda kwanza ukaione karakana ya shule mnayoifikiria.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na miaka ya 1970 sekondari zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Mtoto akichaguliwa kwenda Ifunda au Moshi Ufundi, ukoo mzima ulifurahi. Dharau ilikuja vifaa vilipoanza kukosekana. Useremala ukafundishwa ubaoni bila ubao wa kuranda. Shamba la shule likageuka mahali pa kuwaadhibu waliochelewa namba, na mtoto aliyeshikishwa jembe kwa kosa hawezi kuliona kama somo, hata umfundishe nini kuhusu mbolea. Hilo liliniuma sana nikiwa kazini, na linaniuma mpaka leo.

Nikueleze nilichokiona darasani kwangu, kwa sababu ndicho kinachonifanya nimtetee mtoto. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wakikaanga maandazi ya kuuza saa nne. Waliandika unga, sukari, hamira na mafuta, wakatoa kwenye mauzo, wakashangilia faida. Nikawauliza: mkaa mmeuandika wapi? Mafuta yaliyobaki kwenye karai, mmeyahesabu kuwa yameisha au bado ni mali yenu? Maandazi waliyokula wenzenu kwa ahadi ya kulipa kesho yako kwenye daftari gani? Na karai hili likitoboka, la pili mtalinunua kwa fedha ipi? Wakanyamaza. Neno uchakavu, yaani kifaa kupungua thamani kwa kutumika, walikuwa nalo kwenye madaftari tangu muhula uanze, wamelikariri kwa ajili ya mtihani, na mpaka siku ile hakuna aliyelihusisha na karai. Tukaanza upya. Faida ilipungua sana, lakini sasa ilikuwa faida ya kweli. Wakaamua wenyewe kwamba fedha ya maandazi haitachanganywa na ya mfukoni, na anayekopa ataandikwa jina. Wapo watu wazima wenye maduka makubwa ambao jambo hilo limewashinda, na maduka yamekufa wakiona. Ndiyo maana nimefurahi kwamba mtaala huu mpya, ulioanza Januari 2024, umelifanya somo la biashara kuwa la lazima.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Kukariri kwamba waya wa unene wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa na wa 2.5 ni wa soketi ni kazi ya jioni moja. Kujua kwa nini, yaani kwamba waya mwembamba ukibebeshwa pasi na jiko unapata moto ndani ya ukuta mahali usipouona, kunataka mtoto aunganishe, akosee, atafute kosa kwa tesita, afungue, aunganishe tena, na mwalimu awe amesimama pale pale.

Kwa hiyo ukifika shuleni usiishie ofisini. Omba kuiona karakana, na uione siku ya masomo. Tazama mbao za mazoezi zilizoko ukutani. Kama zimejaa matundu ya skrubu za kufungwa na kufunguliwa, nitaridhika. Kama rangi yake bado inang'aa, uliza kwa nini. Uliza plaisi na tesita ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Uliza kama mwalimu wa fani amewahi kufunga umeme kwenye nyumba za watu, na wanafunzi hupelekwa lini kwa mafundi. Uliza ni nani atakayempima ufundi wake na kwa cheti gani, wakueleze vizuri mpaka uelewe. Kundi la kwanza la amali katika mtaala huu linafika kidato cha nne mwaka 2027, kwa hiyo wakubwa wa kuwauliza yaliyowapata bado ni wachache. Macho yako yatafanya kazi hiyo.

Kuhusu chuo kikuu, msihofu. Vijana wa ufundi wameendelea miaka mingi kwa kupitia stashahada, DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia pale Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha, na mwenye stashahada nzuri huomba shahada. Sharti langu ni moja: hisabati na fizikia asizilegeze hata kidogo.

Mkwe wangu anawaza mtoto wa kike juu ya ngazi. Namwelewa. Aulize wasichana wangapi wako kwenye fani hiyo, na bweni lao likoje. Asimwambie mtoto kwamba umeme ni kazi ya wanaume, kwa sababu akishalisikia kwa mama yake, hata mimi sitaweza kulifuta.

Ukikuta karakana tupu, mpeleke mkondo wa jumla, nami nitakuwa upande wako na nitazungumza naye mwenyewe. Ufundi atajifunza likizo kwa fundi.

Na hiyo likizo ianzie kwangu. Desemba mlete huku. Fundi umeme wa mtaani kwetu amekubali kumchukua awe msaidizi: ashike ngazi, ampe fundi vifaa, aandike vilivyotumika na bei zake, waya wenye umeme asiuguse. Mwambie mjukuu wangu, mke mwenzangu huyo, aje na viatu vya kufunika miguu na daftari la mistari. Akimaliza likizo hiyo na bado anautaka umeme, mjazieni fomu.

Mama yako