Anza na upepeo, jinsia itakuja yenyewe

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha fasihi ya Kihispania niliingia darasani nikaandika JINSIA ubaoni kwa herufi kubwa. Kumbe nimejichongea. Haikupita robo saa wavulana wako upande mmoja, wasichana upande wa pili, wanabishana nani aoshe vyombo, na kitabu hakijafunguliwa.

Siku hizi naingia na upepeo wa mkono, wenye maua mekundu na ya kijani. Katika La casa de Bernarda Alba, tamthilia ya Lorca, mwandishi wa Hispania, Adela wa miaka 20 anampa mama yake, Bernarda, upepeo wa namna hiyo siku ya mazishi ya mume wa mama. Bernarda anautupa chini. Mjane apewe mweusi! Kisha anatangaza matanga ya miaka 8, nyumba ifungwe hata upepo wa barabarani usipenye. Upepeo wangu naupitisha mkono kwa mkono, nanyamaza. Swali la kwanza halikosi: "Mwalimu, miaka minane? Si eda ni miezi minne na siku kumi?" Mwingine anadakia kwamba eda ni ya mjane, sasa hawa mabinti watano wamekosa nini? Na anayewafungia ni mwanamke, tena jukwaani hatokei mwanamume hata mmoja. Hapo mie nakaa kitini.

Tarehe zije baadaye, na uzipange bila maelezo. 1931: wanawake wa Hispania wanapata haki ya kupiga kura. 1932: sheria ya talaka. Juni 1936: Lorca anamaliza tamthilia. Agosti mwaka huohuo: anauawa. 1975: ndipo sheria inaacha kumlazimisha mke kumtii mumewe. Waliodhani "zamani" ni kitu kimoja huanza kukuna vichwa.

Kwa upande wa sanaa, Kiswahili chetu kinanisaidia bila kujua. Naonyesha picha ya Mfalme Felipe II wa Hispania iliyoko Prado, jumba la makumbusho la Madrid, kavaa nyeusi, rozari mkononi. Nauliza: mchoraji ni nani? "Mchoraji" haisemi mume wala mke. Nawaambia waandike kwa Kihispania, ambako lazima uchague: pintor kwa mwanamume au pintora kwa mwanamke. Karibu wote huandika pintor. Mchoraji ni Sofonisba Anguissola, Mwitaliano aliyeletwa kumhudumia malkia, na kwa muda mrefu picha hiyo ilihesabiwa kuwa ya mchoraji mwanamume, Sánchez Coello. Basi huwa sina haja ya kuongeza neno.

Jambo moja bado linanisumbua: Lorca naye ni mwanamume anayewasemea wanawake. Ndiyo maana sasa natanguliza kurasa chache za María de Zayas, mwandishi mwanamke wa Hispania, aliyechapisha hadithi zake 1637 na kulalamika wazi kwamba wanawake wananyimwa elimu. Kihispania chake ni kigumu, wanafunzi wananung'unika. Mwaka jana mmoja alinirudishia upepeo umechanika ubavuni, akasema Bernarda ndiye aliyeuchana.