Kadi ya SD inakufa kila mara: ninunue SSD ya USB au nihamie NVMe?

Kaka, kwa Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) uliyo nayo hapo sekretarieti yako ya Birere, NVMe (SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye njia ya PCIe) isahau. Njia hiyo ya PCIe, ile ya kasi ya ndani ya bodi, imeshachukuliwa na chipu ya milango ya USB. Pi 5 ndiyo iliyotolewa tundu la PCIe nje. Kununua bodi mpya kwa ajili ya hilo tu ni kupoteza dola.

Chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na adapta ya USB 3.0, uichomeke kwenye mlango wa bluu. Kadi ya SD kwenye Pi 4 haivuki MB 50 kwa sekunde. SSD hupita 300 bila shida. Ndani ya raspi-config (programu ya mipangilio ya Pi), chagua iwake kutoka USB.

Adapta ndiyo huleta balaa. Nyingine zinagombana na UAS (njia ya kasi ya kuongea na diski kupitia USB): mashine inaganda, diski inapotea. Ikitokea, andika amri lsusb kwenye terminal, soma namba ya adapta (mfano 152d:0578), kisha mwishoni mwa mstari wa cmdline.txt (faili la maagizo ya kuwasha Pi), mstari uleule, ongeza usb-storage.quirks=152d:0578:u. Kasi itapungua kidogo, lakini itatulia.

Diski ya kuzunguka (HDD), hapana, inakula umeme mwingi. Milango yote ya USB inagawana ampea 1.2 tu.

Na umeme wetu huu wa Goma ukikatika katikati ya kuandika, hata SSD inaharibu mafaili. Weka betri kwanza, SSD baadaye.