Kupima presha mtaani na wanafunzi wa uuguzi: anzia kituo cha afya, mashine baadaye

Mkuu, umeuliza uwapange vipi wanafunzi wako wa uuguzi wakapime presha na sukari huko Pasua, Moshi, ili wajifunze na wananchi nao wafaidike. Kabla ya kutafuta mashine, nenda kituo cha afya mtakachowaelekeza wagonjwa ukaulize: dawa za presha zipo? Kliniki yake ni siku gani? Nani atawapokea? Kumpima mtu, kumwambia ana tatizo, kisha akakosa pa kwenda, ni kumfanya kifaa cha kufundishia.

Barua ipitie kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, ishuke kwa mtendaji wa kata hadi mwenyekiti wa mtaa. Kaeni na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kina mama wa vikoba, waseme wenyewe kinachowasumbua. Wakitaja watoto kuharisha, badilisha mpango.

Siku yenyewe, mashine moja ikitumika ipasavyo hupima watu kama 6 kwa saa. Mashine 4 kwa saa 4 hazifikishi watu 100, kwa hiyo gawa namba mapema. Foleni ikizidi, cha kwanza kuliwa ni dakika 5 ambazo mtu anatakiwa akae apumzike kabla ya kupimwa, na aliyetoka sokoni mbiombio anaandikiwa presha asiyo nayo. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Juni na Julai kuna baridi, watu huja na masweta. Mkono wa sweta ukikunjwa unabana, basi livuliwe. Halafu kafu, yaani mkanda wa mashine unaofungwa mkononi: ile ya kawaida ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono mnene akifungwa hiyo, namba inapanda bure. Tafuta kubwa. Pima mara 2, dakika 1 katikati.

Kuanzia 140/90, mpe rufaa akapimwe tena siku nyingine. Mwanafunzi asimtangazie ugonjwa. 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kulegea upande mmoja ni hospitali papo hapo, kwa gari lililokwisha kuandaliwa.

Kwenye sukari, andika alikula saa ngapi. Kiwango cha kushuku kisukari cha 7.0 (mmol/L) ni cha aliyekaa angalau saa 8 bila kula. Ukimpimia nacho aliyetoka kunywa chai na maandazi, utamtisha bure.

Karatasi ya rufaa iwe na kishina, kipande kinachobaki kwenu. Baada ya wiki 2, mwanafunzi na mhudumu wa afya wapite nyumba kwa nyumba na vishina hivyo: nani alifika, na asiyefika alikwamishwa na nini. Nauli? Bima? Mume kukataa? Uuguzi wa jamii unajifunzwa hapo, na maksi nyingi ziwe hapo. Ukitoa maksi kwa idadi ya waliopimwa, watakimbiza idadi.

Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa bila majina. Orodha yenye majina ibaki kituoni, isiingie kwenye simu za wanafunzi.